Uvunaji au Mavuno? Namna ya Kupata Nomino Kutoka Kwenye Kitenzi

Swali hili halikomi. Analiuliza mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili. Analiuliza katibu wa chama cha ushirika anayeandika muhtasari wa kikao cha wakulima wa kakao. Analiuliza mwalimu wa kwaya anayetafsiri wimbo wa Kinyakyusa na kukwama katikati ya ubeti. Ukiwasikiliza, wote wamekwama mahali pamoja: wana kitenzi, wanataka nomino, na wanaona nomino nne au tano za ukoo mmoja wasijue waikamate ipi. Kuvuna, uvunaji, mavuno, mvunaji. Ipi?

Nitajibu kwa hatua na mifano, na mabishano ya wataalamu kuhusu ngeli nitawaachia wenyewe. Mifano mingi nimeitoa hapa katani kwetu Ipyana na wilaya ya Kyela kwa jumla, kwenye mpunga, kakao na ziwa, kwa sababu neno la kazi unayoijua ni rahisi kulipima. Sikio lako linakataa kosa kabla hujajua kanuni.

Jiulize kwanza unataja nini

Wengi huanza na kiambishi: "Nitie u- au ma-?" Hapo ndipo wanapopotelea. Anza na maana. Tendo moja lina pande nyingi, na kila upande una nomino yake:

- tendo lenyewe: kuvuna, uvunaji
- anayelitenda: mvunaji
- kinachopatikana: mavuno
- kifaa: ufagio (fagia), kizibo (ziba), kifuniko (funika), ufunguo (fungua)
- mahali: kivuko (vuka), kituo (tua), machinjio (chinja), malisho (lisha)
- namna ya kutenda: mwendo (enda), mkao (kaa), mwandiko (andika)
- hali au tabia: upendo, ulevi, uvumilivu

Kisha tunga sentensi yenye pengo ujaze. "____ ya mwaka huu yamepungua kwa sababu Mto Kiwira ulifurika." Hapo ni mavuno tu, maana kilichopungua ni mpunga ulioingia ghalani. "____ unahitaji watu wengi kuliko palizi." Hapo ni uvunaji, maana unazungumzia kazi. Ukiona maneno mawili yote yanaingia kwenye pengo, soma sentensi inayofuata. Mara nyingi ndiyo inayoamua.

Usidhani kuchanganya pande hizi ni kosa dogo. Mwambie mtu "mwandiko wako mbaya" na atajua herufi zake hazisomeki. Mwambie "uandishi wako mbaya" na umemvunjia heshima ya kazi yake yote. Kitenzi ni kile kile, andika, lakini lawama ni mbili tofauti kabisa.

Njia salama: ku-

Ukiwa na haraka, au huna uhakika, tumia ku-. Haina neno la kukariri. Kitenzi chochote kinakubali: kulima, kuvua, kukoboa, kupalilia. Na nomino hii ina faida ambayo nyingine hazina: inabaki na nguvu za kitenzi. Inaweza kufuatwa na mtendwa moja kwa moja, inakubali ukanushi, inakubali kutendwa na kutendana:

- kuvuna mpunga
- kutovuna kwa wakati (au kutokuvuna)
- kuvunwa kwa mpunga
- kusaidiana kwa majirani wakati wa palizi

Vitenzi vifupi kama la, ja, nywa na fa havitaki kuachwa bila ku- hata kwenye ukanushi. Andika kutokula, kutokuja. Usiandike "kutola".

Makosa yanayojirudia hapa ni mawili. La kwanza ni upatanisho. "Kusoma kwake ni nzuri" imezoeleka mitaani, lakini kwenye mtihani utakatwa alama. Andika "kusoma kwake ni kuzuri", "kuvua kwao kumesimama", "kuchelewa huku kunatuumiza". La pili ni kusahau kwamba mtendaji akitajwa anaunganishwa kwa kwa: kuvua kwa vijana wa Matema, kuondoka kwa meli Itungi.

Kuna anayeona ku- ni ya kitoto, haina uzito wa kikazi. Simwelewi. Sentensi "kupanda kwa mistari kunarahisisha kupalilia" haina inachokosa.

U- na -aji: hodari, lakini msumbufu

Ukitaka nomino ya tendo inayosimama kama kazi, utaratibu au hatua ya kitaalamu, chukua shina, weka u- mbele na -aji nyuma. Angalia mpunga tangu shamba hadi gunia: upandaji, upandikizaji, uvunaji, upuraji, upepetaji, uanikaji, ukoboaji. Hatua moja tu inajitenga, nayo ni palizi. "Upaliliaji" unaeleweka na utausikia kwa maofisa ugani, lakini mkulima atakuambia "tupo kwenye palizi". Neno lililozoeleka likiwepo, lipe nafasi yake.

Mambo ya kuzingatia:

1. Nomino hii haifuatwi na mtendwa moja kwa moja. Inataka wa. Kuvuna mpunga ni sawa. "Uvunaji mpunga" si sawa. Andika uvunaji wa mpunga.

2. Shina linaloanza na u linatoa u mbili. Uza ni uuzaji, unda ni uundaji, umba ni uumbaji. Ukiandika "uzaji" au "undaji" umepoteza herufi, na msahihishaji haoni kwamba ulikuwa na haraka.

3. Kuwa macho na wa wa utata. "Upigaji wa Tuntufye": je, Tuntufye alipiga au alipigwa? Msomaji hana namna ya kujua. Rudi kwenye ku-: kupiga kwa Tuntufye, au kupigwa kwa Tuntufye. Kwenye barua ya malalamiko kwa mtendaji wa kata tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

4. Usilazimishe -aji pale ambapo lugha imeshachagua umbo lingine. Nunua ina ununuzi, amua ina uamuzi, vua samaki ina uvuvi. "Ununuaji" na "uamuaji" havipendezi, na "uvuaji" unamfanya msomaji afikirie nguo. Uvuvi wa mbasa ni kazi na maisha ya watu. Kuvua mbasa ni tendo la usiku mmoja.

Chagua ina zote mbili, na kila moja imeshika njia yake. Uchaguzi ukitajwa peke yake, watu wanafikiria kura. Kwa hiyo kwenye bango la mafunzo ya mbegu, "uchaguaji wa mbegu" unasomeka bila kumshtua mtu, ingawa "uchaguzi wa mbegu" nao si kosa.

Kinachopatikana: ma-, m-, ki- na ile -o ya mwisho

Hapa ndipo kanuni inapoisha na mazoea yanapoanza. Nomino nyingi za matokeo zinaishia na -o, lakini kiambishi cha mbele hakitabiriki:

- vuna: mavuno
- uza: mauzo
- lipa: malipo
- kopa: mkopo
- changa: mchango
- cheza: mchezo
- tenda: tendo, kitendo
- lima: kilimo
- fa: kifo
- imba: wimbo

Huwezi kuhesabu kwa kanuni kwamba kopa itazaa mkopo na lipa itazaa malipo. Utazoea. Ushauri wangu ni kuzikariri nomino hizi kwa jozi na nomino ya tendo. Pembeni ya kila moja andika sentensi fupi ya Kyela yako, si ya kitabu:

*Uuzaji wa kakao ulifanyika kwa mnada; mauzo yalitosha kulipa madeni.*

*Ulipaji umechelewa, malipo yenyewe hayajulikani ni kiasi gani.*

*Utumiaji wa dawa hii unataka glovu. Matumizi ya nyumbani mwezi huu yamezidi.*

Sentensi hiyo ya pili inakwepa ugonjwa mmoja wa barua za ofisini: "ulipaji wa malipo". Ni sawa na kusema kulipa kilicholipwa. Chagua moja.

Kitenzi kinachostahili kukaliwa kitako ni zaa. Kimezaa kweli kweli. Mzazi ni aliyezaa. Uzazi ni hali na tendo la kuzaa, ndiyo maana tunasema uzazi wa mpango. Kizazi ni watu wa rika moja, na pia ni kiungo cha mama. Uzao ni watoto na wajukuu. Zao ni kitu kinachotoka shambani, wingi wake mazao: mpunga, kakao, chikichi. Zalisha, kitenzi kilichotokana na zaa, kimeongeza mzalishaji na uzalishaji. Sasa soma sentensi hii, ya aina inayopatikana kwenye taarifa nyingi za vijiji: "Mazao ya mpunga yamepungua." Mwandishi alitaka kusema mavuno, au uzalishaji. Zao la mpunga halijapungua. Bado ni lile lile moja. Magunia ndiyo yaliyopungua.

Mtu anayetenda: -i au -aji?

Kuna m- na -aji (mvunaji, mwimbaji, mchezaji) na kuna m- na -i. Hiyo ya pili ndiyo yenye mitego, kwa sababu -i hubadilisha konsonanti iliyo kabla yake:

- k huwa sh: pika, mpishi, andika, mwandishi, cheka, mcheshi
- t huwa s: fuata, mfuasi
- nd na ng huwa nz: linda, mlinzi, penda, mpenzi, jenga, mjenzi, tunga, mtunzi
- mb huwa mv: gomba, mgomvi
- irabu mbili mwishoni huleta z: lea, mlezi, okoa, mwokozi, nunua, mnunuzi, kwea, mkwezi

Halafu kuna wakaidi. Shinda haitoi "mshinzi", inatoa mshindi. Iba inatoa mwizi. Ganga inabaki na -a: mganga. Hao jifunze mmoja mmoja.

Onyo kwa sisi wa huku. Kinyakyusa hakina sauti z. Mtu aliyekulia Ipyana, hasa aliyeanza Kiswahili shuleni, anaweza kutamka "mlesi", "mjensi", "mwokosi", na kwa kuwa ndivyo anavyosikia ndivyo atakavyoandika. Neno kiongozi kwa Kinyakyusa ni undongosi, na hiyo s inavuka mpaka kwa urahisi. Dawa ni moja: ukiona neno la mtendaji limeishia na "-si", rudi kwenye kitenzi. Je, kina t, kama fuata? Basi s ni halali. Kama kina nd, ng au irabu mbili, ni z.

Na maumbo yote mawili yakiwepo kwa kitenzi kimoja? Hapo maana zimegawanyika, na ukikosea unaweza kutukana:

- msomi ni mwenye elimu; msomaji ni anayesoma, hata kama ni wa darasa la pili
- mpishi ana kazi ya kupika; mpikaji ni yeyote aliye jikoni siku hiyo
- mjuzi ana maarifa. Mjuaji anajifanya anayo

Ukimtambulisha mgeni rasmi kwenye harambee kama "mjuaji wa mambo ya kilimo", usishangae akikunja uso.

Anayetendewa: angalia hati zako

Nomino ya mtu aliyetendewa huchukua -wa ya kutendwa. Kwenye mazungumzo ni jambo dogo, lakini kwenye mikataba herufi mbili hizo zinahamisha deni kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine:

- mdai anadai, mdaiwa analipa
- mwajiri anatoa kazi, mwajiriwa anaifanya
- mshitaki na mshitakiwa
- mtahini anatunga maswali. Mtahiniwa anatoka jasho

Pengine tofauti haiko kwenye -wa bali kwenye kusababisha: mkopaji anachukua, mkopeshaji anatoa, mpangaji anaishi, mpangishaji anapokea kodi. Kabla ya kusaini hati yoyote ya mkopo au ya chumba, weka jina lako pembeni ya kila neno la namna hii uone kama limekaa upande wako. Usiachie karani.

Yapo na ya -e, machache na ya zamani: mtume (aliyetumwa), mteule (aliyeteuliwa), kiumbe (kilichoumbwa). Usijaribu kutunga mengine kwa mtindo huo.

Unajua zaidi ya unavyodhani: sikiliza majina ya watu

Wanafunzi wanaozungumza Kinyakyusa huniambia somo hili ni geni. Si geni. Simama nje ya kanisa lolote Ipyana Jumapili watoto wakiitwa, utasikia sarufi nzima.

Lugano ni upendo, kutoka ukugana, kupenda. Lusubilo ni tumaini, kutoka ukusubila. Lusekelo ni furaha, kutoka ukusekela. Lwitiko ni imani, kutoka ukwitika. Lusajo ni baraka. Umeona mtindo? Lu- mbele, -o nyuma. Ni -o ile ile ya mavuno na mauzo. Wimbo wenyewe kwa Kinyakyusa ni ulwimbo, kutoka ukwimba. Weka viwili hivyo sambamba uone undugu.

Sasa wasikilize wengine: Tusubilege, Atupele, Tusajigwe. Hayo si nomino zilizotokana na vitenzi, ni sentensi kamili. Tutumaini. Ametupa. Tumebarikiwa. Kwa hiyo Lusubilo na Tusubilege wametoka kwenye kitenzi kimoja: mmoja ni jina la kitu, mwingine ni wito. Lusajo na Tusajigwe vivyo hivyo. Mtu akikuuliza nomino iliyotokana na kitenzi inatofautianaje na kitenzi, mwonyeshe hao ndugu wawili wawili.

Na watendaji? Mpoki ni mwokozi, kutoka ukupoka. Mwalimu ni ummanyisi, kutoka ukumanyisya, kufundisha.

Tahadhari mbili. Kwanza, usibebe umbo lenyewe. Kiswahili hakina lu-. Sehemu nyingi kilipokuwa nayo sasa ni u- au w-. Beba mtindo, acha kiambishi. Pili, si kila nomino ya dhahania imetokana na kitenzi. Neno ipyana, neema, ambalo ndilo jina la kata yetu, halina lu- wala -o, na kulitafutia kitenzi kwa nguvu ni kupoteza muda. Ukitaka kuhakikisha neno la Kinyakyusa, iko kamusi ya Knut Felberg iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1996. Ina Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili pamoja.

Vitenzi vilivyotoka Kiarabu

Hivi usivitie -aji kwa haraka. Vingi vilikuja na nomino zake, au vimepata nomino za mtindo wao:

- safiri: safari, msafiri, usafiri
- samehe: msamaha
- amini: imani
- ruhusu: ruhusa
- furahi: furaha
- sali: sala
- fikiri: fikra
- hubiri: mahubiri, mhubiri
- badili: mabadiliko

Dalili ya kuvitambua ni irabu ya mwisho. Kitenzi cha Kibantu huishia na -a. Ukiona -i, -e au -u, simama kwanza, tafuta nomino iliyopo. Ukikosa kabisa, tumia ku-.

Ugonjwa wa mihtasari

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Watu wakishajua kutengeneza nomino, wanazitengeneza mpaka kitenzi kinatoweka. Huu ni mfano niliotunga, lakini aliyewahi kusoma mihtasari ya vikao ataufahamu:

*"Mwenyekiti alifanya ufunguaji wa kikao. Kulifanyika ujadiliwaji wa suala la uwepo wa ucheleweshwaji wa ulipaji wa malipo ya wakulima. Kilifikiwa kikomo cha utoaji wa maelekezo ya ufanyikaji wa ufuatiliaji."*

Nani alifanya nini? Nani atafuatilia? Lini? Hakuna ajuaye, na pengine ndiyo raha yake: nomino nyingi ni mahali pazuri pa kujificha. Tuutibu hatua kwa hatua.

1. Piga mstari chini ya nomino zinazoficha tendo: ufunguaji, ujadiliwaji, uwepo, ucheleweshwaji, ulipaji, malipo, utoaji, maelekezo, ufanyikaji, ufuatiliaji.

2. Futa vitenzi visivyobeba kitu: alifanya, kulifanyika, kilifikiwa kikomo.

3. Kila nomino iulize: nani? Mwenyekiti alifungua. Wajumbe walijadili. Wakulima wanacheleweshewa. Katibu atafuatilia.

4. Zirudishe kuwa vitenzi, ukiacha nomino zile tu zinazotaja kitu kweli. Malipo ni kitu, hayo yabaki.

*"Mwenyekiti alifungua kikao. Wajumbe walijadili kwa nini wakulima wanacheleweshewa malipo. Katibu aliagizwa kufuatilia na kuleta majibu kikao kijacho."*

Maneno yamepungua na kazi ina mwenyewe. Hapo "uwepo wa" nao umeondoka bila kuacha pengo. Uwepo ni neno halali, lakini mara nyingi "kuna" linatosha. "Kuna uhaba wa mbegu" inashinda "uwepo wa uhaba wa mbegu umebainika".

Nomino zenye -waji (utolewaji, ufanywaji, ujadiliwaji) zikuwashie taa nyekundu. Si kwamba haziundiki. Ila karibu kila mara kuna njia fupi zaidi: kutolewa, kufanywa, kujadiliwa.

Mnayoniuliza kila mara

*"Mbona redioni na magazetini wanasema hivyo hivyo?"* Wanasema. Mtangazaji ana sekunde chache, anashika umbo la kwanza lililo karibu. Wewe unayeandika una muda wa kusahihisha.

*"Naruhusiwa kuunda neno jipya?"* Naam, lugha inakua hivyo. Lakini pitia hatua tatu kwanza: tafuta kwenye kamusi, muulize anayefanya kazi hiyo, jaribu ku-. Mkulima wa kakao ana neno lake la kila hatua, toka kuvunja maganda, kuvundika, hadi kuanika. Ukishavipata vitenzi vyake, nomino zinakuja zenyewe: uvundikaji, uanikaji. Ukianza na maneno ya kwenye kijitabu cha mradi utaishia na neno ambalo yeye hatalielewa.

*"Natafutaje kwenye kamusi?"* Kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kitenzi kinatafutwa bila ku-: tafuta vuna, si kuvuna. Nomino inatafutwa kwa herufi yake ya mwanzo, kwa hiyo mvunaji hayuko kwenye V. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani neno halipo. Kamusi Kuu ya Kiswahili, ya mwaka 2015, ni kubwa zaidi. Ukiweza kuipata shuleni au kwa rafiki, itumie kuthibitisha.

*"Nikariri zote?"* Hapana. Kariri jozi za -o na wale wakaidi wa -i. Mengine yana kanuni.

Kwa wanaojifunza Kikorea

Vijana kadhaa wanaojifunza Kikorea kwa simu wameniuliza kama ushauri huu unawafaa. Unawafaa kwa sehemu. Kikorea nacho kina zaidi ya njia moja, na kosa la mwanafunzi ni lile lile la kushika njia moja na kuitumia kila mahali.

Ya kwanza ni -gi, inayokaa kwenye shina: deutda, kusikiliza, inatoa deutgi, sseuda, kuandika, inatoa sseugi. Ndiyo majina ya sehemu za TOPIK, mtihani wa Kikorea. Iko karibu na ku- yetu. Ya pili ni -m au -eum, ambayo imeacha nomino nyingi zilizoganda: kkuda, kuota, inatoa kkum, ndoto; utda, kucheka, inatoa useum, kicheko; chuda, kucheza ngoma, inatoa chum. Hizo zichukue kama mavuno na mkopo, ukariri moja moja. Ya tatu ni -neun geot, ambayo ndiyo utakayoisikia zaidi kwenye mazungumzo; ni kama kusema "jambo la kufanya kitu fulani".

Onyo moja tu kwenu: msichague kwa maana peke yake. Kikorea huangalia neno linalofuata. Sijakhada, kuanza, hutaka -gi. Silta, kutopenda, pia hutaka -gi. Basi jifunzeni kiambishi pamoja na kitenzi kinachokifuata, kama kifurushi kimoja.

Zoezi la wiki hii

Chukua muhtasari wa mwisho wa kikundi chako, au insha yako ya mwisho shuleni. Piga mstari chini ya kila neno linaloishia na -aji au -waji. Kwa kila moja andika pembeni herufi moja: T kama linataja tendo, M kama ulikusudia matokeo, K kama kitenzi kingetosha. Za M zitafutie nomino yake ya -o. Za K zirudishe kuwa vitenzi na umtaje mtendaji kwa jina. Halafu mpe mtu ambaye hakuhudhuria kikao asome, umuulize nani anatakiwa kufanya nini. Akishindwa kujibu, rudia kuandika.